Pua ya Kuazima

Upande wa pili wa ukuta wa jiko langu, hapa Thamesmead, London, sasa wanakaa vijana wawili wanaopasha chakula kwenye maikrowevu na hawana habari na mimi. Kabla yao alikaa Jirani. Jina analo, tena zuri la Kigogo, lakini sikumwita kwa jina lake hata siku moja, wala yeye hakuniita kwa langu. Kwake nilikuwa Mama Yusra, kwangu alikuwa Jirani, na kwa miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta hilo lilitutosha.

Matundu ya hewa ya majiko yetu yanakutana humo humo ukutani. Sijui aliyechora majumba haya alikuwa na ugomvi gani na wapishi. Nikipika mimi, wa kwanza kusikia harufu alikuwa yeye, na hapo ndipo ulipozaliwa mzozo wetu wa kitunguu.

Sisi watu wa Pemba, pilau yetu inaanzia kwenye kitunguu, na kitunguu hakitolewi motoni mpaka kikoze, kiwe na rangi ya kahawia, hatua moja tu kabla ya kuungua. Mpishi anayeogopa kufika hapo, pilau yake inatoka nyeupe kama wali wa hospitali. Jirani hilo hakulikubali. Kila nilipofika kwenye ile hatua moja, ukuta uligongwa.

"Mama Yusra! Kitunguu kinaungua!"

"Hakiungui, Jirani, kinakoza!"

"Mimi nakisikia huku!"

"Na mie nakiona huku!"

Binti yangu Yusra, aliyezaliwa papa hapa London na ambaye nikimuuliza kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, alikuwa akiinua macho kutoka kwenye simu yake na kusema, "Mum, just tell him it's burnt. Please."

"Nife kwanza," nikamjibu.

Na kweli sikukubali. Mambo mengine yote nilimpa haki yake, lakini kwenye kitunguu sikumwachia hata siku moja.

Pua ile ndiyo iliyompa cheo. Jirani alikulia kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, na mtu yeyote aliyeshangaa kusikia kwamba Dodoma kuna zabibu alijitafutia mhadhara. "Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka," alikuwa akisema, vidole viwili juu. "Hawa wa hapa wanavuna mara moja, tena kwa kumwomba Mungu." Kwa hiyo Watanzania wenzake wa upande huu wa mji, wengi wao wa kanisa lake, walimfanya mkuu wa msafara. Kila mwaka, joto likianza kupungua na zabibu zikikaribia kukatwa, aliwapeleka Kent, nje ya mji, kutembelea mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo wa hapa.

Utaniuliza, Mpemba na mtandio wake aliingiaje kwenye safari ya mvinyo. Niliingia kwa usukani. Mwaka wao wa kwanza dereva alikuwa mmoja wao, akaapa kwamba ataonja kidogo tu. Ikabidi watu wazima wakae kwenye maegesho ya shamba la watu mpaka jioni wakimnywesha maji na kumtembeza. Wake zao walisema mengi. Mwaka wa pili Jirani akanijia mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Yusra, nina shida na mtu asiyekunywa. Si asiyekunywa leo. Asiyekunywa kabisa."

"Basi umebisha panapo," nikamwambia.

Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao, na leseni ya minibasi niliipatia huko, kwa kuwapeleka pwani kula aiskrimu. Nilimpa Jirani masharti. Ndani ya gari langu chupa haifunguliwi. Ikifika adhuhuri nitaswali, popote tutakapokuwa. Na chakula cha safari ni pilau yangu, maana sitaki kukaa na njaa kwa ajili ya jibini za watu.

Alikubali yote, na la pili alilishika kuliko nilivyotegemea. Tukifika shambani, kabla hajaangalia hata jani moja, alikuwa akitazama mistari ya mizabibu inavyokwenda. "Mistari hii imepandwa kaskazini kwenda kusini," alikuwa akiniambia, "basi kibla chako ni kule, penye ule mti." Simu ilikuwa ikinionyesha vile vile, lakini sikumwambia. Nilitandika mswala wangu mwisho wa shamba, naye akasimama mbali kidogo, amenipa mgongo, mikono nyuma, akiwazuia watu wasipite mbele yangu. Mzee wa kanisa analinda sala ya Mpemba katikati ya mizabibu ya Kiingereza. Mwenyezi Mungu ana vichekesho vyake.

Maneno hayakukosekana. Kwenye darasa la Kurani la watoto, mama mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "Tunasikia siku hizi unawapeleka watu kwenye ulevi." Nikamjibu kwamba kwenda wangekwenda tu, mie kazi yangu ni kuwarudisha wazima. Mwaka uliofuata akanivuta pembeni kuniuliza kama kuna nafasi kwenye gari, ati anataka kuona mashamba.

Na kurudisha kwenyewe kulikuwa na kazi, kwa sababu ya ile sheria ya Jirani ya ndoo. Kwenye vyumba vya kuonjea huwekwa ndoo ndogo mezani. Mtu anachukua fundo, analizungusha mdomoni, kisha anatema kwenye ndoo. Ndivyo wanavyofanya wataalamu, ili wafike kwenye glasi ya mwisho akili zikiwa mahali pake. Jirani alipoiona ndoo ile mara ya kwanza alishtuka kama ameona mtu anavua suruali sebuleni. "Unatema kitu cha mwenyeji mbele ya macho yake?" alisema. "Kwetu, hivyo umemtema yeye." Akawakataza watu wake wote wasiteme. Yeye mwenyewe alikuwa na akili, alitia tone la kulowanisha ulimi tu. Wafuasi wake walishika katazo wakasahau tone. Tukitoka shamba la tatu walikuwa wanaimba nyimbo za kwaya kwa sauti nne, na tukikaribia Thamesmead zilikuwa zimefika saba.

Kwenye shamba tulilolipenda zaidi, mwenyeji wetu alikuwa msichana wa Kizungu mwenye buti zenye matope hata siku ya jua. Alimwelewa Jirani haraka. Alikuwa akimmiminia kidogo kuliko wengine wote na kuisogeza ndoo mbali na meza yetu bila ya kuombwa. Jirani akampenda kama binti yake. "Huyu amelelewa," alisema.

Namna yake ya kuonja ilikuwa hivi. Alifumba macho, akaingiza pua ndani ya glasi mpaka miwani ikagonga ukingo, akanyamaza. Watu wote wakanyamaza naye. Yule msichana alikuwa ameshasema maneno yake ya matunda ya huko kwao ambayo sisi hatujawahi kuyaona mtini. Kisha Jirani akafumbua macho na kusema jambo la ajabu: "Hii ni asubuhi ya Jumapili kwa mama mkwe." Au, "Ukishuka Southall, duka la kwanza la vitambaa, wakati Singasinga anafungua robota jipya." Na watu wakiingiza pua zao wakalisikia, wallahi, robota la kitambaa. Mie niliyekaa pembeni na chupa yangu ya maji niliwaona nyuso zao zikifunguka, nikaona wivu kidogo.

Mara nyingine alikosea, tena kwa mdomo mpana. Aliwahi kuapa kwamba mvinyo fulani hautafika Krismasi kabla ya kuharibika. Miaka miwili baadaye msichana wa buti akatuletea chupa yake, nzima, tamu, watu wakaimaliza. Jirani akaipokea glasi yake akaonja. "Krismasi ipi sikusema," akajibu.

Alikuwa mtu wa vitu viwili viwili visivyopatana. Alikuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya London mpaka alipostaafu, na lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu nusu ya mwaka. Hakuruhusiwa kuigusa kwa sababu ina fundi wake wa mkataba. Basi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne akiisema, akijua msumari gani umelegea. Alihubiri subira kwa watu wazima na watoto, lakini basi likichelewa kidogo alianza kutembea kwa miguu na likampita njiani. Na mtu huyu wa mvinyo, nyumbani kwake hapakuwa na chupa hata moja. Nilimuuliza. "Kuonja ni kazi, Mama Yusra," akasema. "Kunywa ni tabia." Alichokunywa kwake ni chai ya rangi, na sukari aliitia kama anajaza shimo.

Nia yake aliijua kila mtu. Alikuwa na shamba la mizabibu huko kwao, mdogo wake akilitunza, na zabibu zake zote ziliuzwa kwa wenye viwanda. Jirani alitaka arudi, azitie kwenye mapipa yake mwenyewe, atengeneze mvinyo wenye jina la kijiji chake. Kwa ajili hiyo ndiyo alikuwa akizunguka Kent mwaka hadi mwaka akiwauliza watu maswali. Wenzake walikuwa matembezini, yeye alikuwa shule. Alisema atarudi akistaafu. Alipostaafu akasema mwakani, na mie nilishaanza kujiuliza nani atagombana nami kwa ajili ya kitunguu yeye akiondoka.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliotufungia sote ndani. Jirani aliupata mapema. Nilikuwa nikimwekea uji na supu mlangoni, nagonga, narudi nyuma, naye anafungua, ananipungia mkono kama mtu aliye kwenye meli. Alikonda, lakini akapona, na siku alipoteremka ngazi za ghorofa zote nne kwenda kununua sukari yake nilishukuru Mungu mpaka nikasahau kupumua.

Haukupita muda, siku moja nikawa kwenye simu na mama yangu Pemba, mazungumzo yakanoga, na kitunguu nikakisahau motoni. Safari hii kiliungua kweli, kikawa makaa. Moshi ukajaa, kengele ya moshi ikaanza kulia. Nilifungua dirisha, nikapepea kwa taulo, na huku masikio yangu yako ukutani. Kimya. Kengele ilipozidi ndipo alipokuja mlangoni.

"Kuna nini, Mama Yusra? Moto?"

Alikuwa amesimama ndani ya ule moshi, unampita usoni, anauliza kuna nini. Nikamtazama, naye akajua kwamba nimejua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nilipougua. Nilidhani itarudi." Akajaribu kucheka. "Hata sabuni siisikii. Naoga kwa imani."

Nilimkaribisha ndani nikamtilia chai. Hapo mezani ndipo aliposema lililokuwa linamla. Mvinyo ukianza kuharibika kwenye pipa, alinieleza, wa kwanza kujua ni pua. Ulimi unajua wakati umeshakuwa siki. Mtu asiyesikia harufu hawezi kuwa na pipa, kama kiziwi asivyoweza kuongoza kwaya. "Nirudi Dodoma na pua iliyokufa nikafanye nini?" alisema. "Nikawe mzee wa kukaa kwenye kiti, naonyeshwa shamba langu kama mgeni?" Nikamwongezea chai.

Hospitali walimwambia hakuna dawa ila mazoezi: anuse limau, waridi na karafuu, asubuhi na jioni, akikumbuka jinsi vinavyonukia, hadi pua ijifunze upya. Yusra alishasoma habari hizo kwenye simu yake. "It's like physio," akamwambia, "but for your nose." Limau nilikuwa nalo, waridi lilikuwa kwenye chupa ya marashi, na karafuu, jamani, mie ni mtoto wa Pemba. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Nilikuwa na mfuko aliotuma mama yangu, ukiufungua tu chumba kizima kinakuwa nyumbani.

Nikamwekea Jirani kiganjani. Akafumba macho kama zamani, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Nanusa msumari," akasema.

Kwanza nilikasirika kama nimetukaniwa kwetu. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikafungua bomba la maji asinisikie.

Safari za Kent ziliporuhusiwa tena, watu walimtaka mkuu wao wa msafara. Nilitegemea atawaambia ukweli. Badala yake akanijia, kofia mkononi, kama ile siku ya mwanzo.

"Mama Yusra, nina shida na pua."

"Sinywi, Jirani."

"Sijasema unywe. Unuse tu, uniambie. Mengine nitayajua mwenyewe."

Nililala na jambo hilo. Kunywa najua hukumu yake, hapana shaka. Kunusa tu kwa kumsaidia mgonjwa, nikajipa jibu mwenyewe, na kama nimekosea Mungu anajua nia yangu na nitamwomba radhi. Shekhe sikumuuliza, kwa kuogopa angenijibu. Jirani naye aliona aibu kuniomba. "Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema kwa unyonge. "Pua je?"

Tukatengeneza mtindo wetu. Nilikaa karibu naye, ati namsaidia kwa kuwa ugonjwa ulimwachia miguu dhaifu. Glasi ikija, anaishika yeye, ananipitishia chini ya pua kama anayeonyesha kitu dirishani, nami namnong'oneza. Nilimpa nilivyovijua: embe sindano lisiloiva. Mkeka mpya. Mkate wa mofa ukitoka tanurini. Banda la karafuu siku ya pili ya kuanika. Yeye anafumba macho, ananyamaza vile vile, kisha anawatangazia. Watu wakatikisa vichwa na kusema Mzee mwaka huu amekuwa mtamu zaidi. Mmoja akauliza, lakini tangu lini unajua mikeka, Mzee, na Jirani akamwambia mtu husafiri.

Mie, nitasema kweli, nilifurahi. Ule wivu wangu wa chupa ya maji ulikwisha. Niligundua kwamba kumbe ninayo pua, tena kali, na kwa miaka yote nilikuwa naitumia kupigania kitunguu.

Mtindo ulituvusha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tulikamatwa na mvua. Tuliingia kwenye chumba cha kuonjea tumelowa chapachapa, tukabanana, na kiti cha upande wangu akakaa katibu wa kikundi, mzee mfupi mwenye koti la sufu alilokuja nalo London ujanani mwake na halivui kwa hali yoyote. Glasi ikapita chini ya pua yangu. Nikasikia harufu nzito, mbaya.

"Godoro," nikamnong'oneza Jirani. "Godoro lililonyeshewa."

Jirani akakunja uso. Alijua maana yake: kizibo kikiwa kibovu, mvinyo hunuka hivyo hivyo, unyevu na ukungu. Akainuka, akamwambia yule msichana wa buti kwa Kiingereza chake cha upole kwamba anasikitika, lakini chupa hii imekufa.

Msichana akaichukua glasi, akanusa. Akanusa nyingine. Akaita mwenzake naye akanusa, wakatazamana. Kisha msichana akainama kidogo upande wetu, akanusa hewa, na kwa heshima zote akasema, "I think it might be the coat."

Watu wakacheka, katibu akajinusa kwapa, wakazidi kucheka. Lakini kicheko kikapungua chenyewe. Nikaona mmoja mmoja anamgeukia Jirani. Koti lile lilikuwa hatua moja kutoka kwake, linanuka chumba kizima. Vipi pua ile isitofautishe koti na mvinyo?

Jirani akaiweka glasi mezani.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sisikii harufu. Tangu nilipougua. Yote niliyowaambia mwaka huu na mwaka jana yalitoka kwenye pua ya Mama Yusra."

Mvua ikasikika juu ya bati. Nilitamani sakafu inimeze. Ndipo katibu, na koti lake, akauliza polepole:

"Yaani tumefundishwa mvinyo na Mpemba?"

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Msichana wa buti aliomba afasiriwe, akafasiriwa, akalazimika kukaa chini. Na kicheko kilipokwisha hakuna aliyemlaumu. Walianza kumjia mmoja mmoja na glasi zao. Mimi nasikia ukwaju, Mzee. Mimi nasikia chumba cha bibi yangu kule Moshi. Jirani amefumba macho, anawasikiliza, na mara anakunja uso: "Huo si ukwaju, rudia. Usinidanganye kwa kuwa sisikii harufu." Machozi yalikuwa yanamtoka chini ya miwani, naye anaendelea kusahihisha.

Ningependa kusema pua ilirudi siku hiyo. Haikurudi. Baridi ikaingia, na mdogo wake akapiga simu kutoka Dodoma. Shamba linataka mwenyewe, alisema. Yeye amechoka, miguu haimpi, na kuna mtu mzuri yuko tayari kulichukua alilime, anataka jibu. Jirani aliniambia habari hiyo kwenye ngazi, lifti ikiwa mbovu, sote wawili tumeshika mifuko. "Nitamwambia ampe," alisema. "Mzabibu usiotazamwa unarudi porini." Nikamwambia asubiri kidogo. Nilikuwa naye katika mazoezi ya karafuu kila nilipokuwa sina zamu, na kila siku jibu lilikuwa msumari. Nakiri mara moja mbili niliacha kitunguu kiungue makusudi, nikasimama jikoni nikiusikiliza ukuta. Yusra akaniuliza kwa nini tunakula pilau chungu, nikamwambia jiko lina matatizo.

Jumamosi moja mchana, nikiwa nimeshaacha ujinga huo, nilikuwa napika kwa ajili ya wageni. Kitunguu siku hiyo kilinikubali. Kilikuwa kimefika pale pale, kahawia inayong'aa, kila kipande sawa na mwenzake, hakuna kilichotangulia. Hata mama yangu asingekikosoa. Nikauzima moto ili nikitoe.

Ko, ko, ko.

"Mama Yusra! Kitunguu kinaungua!"

Yusra aliacha simu. Tukatazamana, mimi na mwanangu. Nikaitazama sufuria. Kitunguu kizuri hivyo sijakipata tena tangu siku ile.

"Kweli, Jirani!" nikapiga kelele. "Kimeungua! Kimeungua chote!"

"Mum," Yusra akanong'ona, "it's not even—"

"Nyamaza."

Alifika mlangoni na soksi moja. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, jambo ambalo kwa adabu zake hajawahi kulifanya, akainama juu ya sufuria, akavuta pumzi, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mpira!" akasema. "Kinanuka mpira, Mama Yusra. Tairi la gari lililochomwa. Kibaya, kibaya sana!" Na alikuwa anacheka, na anafuta macho kwa mkono wa shati.

Yusra ndiye aliyekumbuka. Walishasema hospitali kwamba harufu ikirudi huweza kurudi kwanza imepinda, vitu vizuri vikanuka vibaya. Akamletea mfuko wa karafuu. Jirani akatia pua ndani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Bado msumari?" nikauliza.

"Bado." Akavuta tena. "Lakini mbao ulimopigiliwa nazisikia."

Nililia mbele yake, safari hii bila ya bomba la maji. Nikamuuliza, na shamba je, na pua yenyewe ndiyo hiyo inayoona kitunguu ni tairi? Alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

"Kilichopinda kinanyooka," alisema.

Mdogo wake akapokea. Walisalimiana kwa Kigogo chao, salamu ndefu zisizoharakishwa, kisha akahamia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Lile shamba usimpe mtu," akasema. "Nakuja mwenyewe. Ndiyo. Mapipa nitayatafuta nikifika." Akasikiliza kidogo, akanigeukia, kiganja juu ya simu, uso umekunjamana.

"Mama Yusra, punguza moto basi, nashindwa kuongea!"

Nikageuka nikapunguza moto, ingawa nilikuwa nimeshauzima.